Kabla hujanunua rejeta, chora maji yatakakotokea

Jumatatu hii kijana mmoja wa chuo amenijia pale Mwanjelwa amekumbatia boksi kama amebeba kichanga. Ndani mlikuwa na vifaa vya kupoza kompyuta kwa maji: bloki mpya ya prosesa (kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji), ya shaba iliyopakwa nikeli, rejeta ya 240 ya alumini (mm 240, yaani ya feni mbili za mm 120), mita mbili za mpira wa 10/13 na fitingi sita za 10/16. Akaniambia, "Kaka, kila kitu kipo, bado kufunga tu."

Huyu ni wa tatu kukosea mwaka huu. Wa kwanza alikuja na fitingi zote amezizungushia tredi tepu kama za bomba la jikoni. Wa pili alishajaza maji ya kunywa. Wadogo zangu, nawapenda na nafurahi kuona kompyuta za gemu zinazopozwa kwa maji zinafungwa hapa Mbeya, lakini hela mnazozipoteza zinaniuma kama zangu. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya anayepanga mashine yake ya kwanza, ambaye hajalipia kitu bado. Aliyekwisha kununua asome vilevile, huenda kuna cha kurudisha.

1. Chora, na anza kuchora mwishoni.

Chukua karatasi ya grafu, ile ya daftari la hesabu. Usianze na rangi ya maji wala taa. Jambo la kwanza kuchora ni mahali maji yatakapotoka siku ukitaka kuyatoa. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wako, weka hapo fitingi ya njia tatu, funga koki, na mbele ya koki acha nafasi ya mkono wako kuingia na mpira wa kumwagia kupita. Ukishapata hapo, ndipo upande juu: pampu, tangi, bloki, rejeta.

Nasisitiza hili kuliko mengine yote kwa sababu ya mwaka 2019.

Mwaka huo nilifunga mashine ya kijana mmoja wa Isongole, njia ya Tukuyu. Kadi yake ya grafiki ilitokana na viazi. Misimu miwili yeye na mama yake walilima, wakapalilia, wakapakia magunia kwenye fuso, na kilichobaki baada ya mbolea na ada za wadogo zake kiliingia kwenye kadi ile. Aliniletea imefungwa ndani ya sweta. Ilikuwa mashine yangu ya pili ya maji, na ya kwanza ilikuwa imeenda vizuri, kwa hiyo nilijiona nimeshajua.

Sikuchora. Nilikwenda kwa macho. Rejeta ya 360 juu, ya 240 mbele, tangi katikati, pampu chini yake. Sehemu ya chini kabisa ikawa kona ya fitingi iliyobanwa kati ya pampu na bati la pawa saplai, hata kidole hakipiti. Niliiona wakati nafunga. Nikasema moyoni nitaitazama siku ya kubadilisha maji. Nikajaza maji ya chupa kutoka duka la jirani, maana yale yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa mvuke) yalikuwa yameisha na sikutaka kusubiri. Kupima uvujaji nilipima saa moja badala ya siku nzima, kwa kuwa mwenyewe alikuwa anataka kuwahi haisi ya jioni.

Tukawasha. Kwa dakika ishirini tulikuwa na furaha ambayo bado naikumbuka. Halafu nikaona tone chini ya fitingi ya rejeta ya mbele, dogo kama punje ya ulezi. Likavimba, likadondoka juu ya bati. Nikazima, nikachomoa waya ukutani.

Nataka mwelewe vizuri hapa: mpaka dakika hiyo hakuna kilichokufa. Tone lilianguka kwenye bati tupu. Kama ningekuwa na koki ningefunga mpira, ningemwaga maji kwenye ndoo, ningebadilisha oringi moja (kipete cha mpira kinachoziba fitingi), na kesho yake kijana angeondoka na mashine yake. Lakini nilikuwa na karibu lita nzima ya maji ndani ya kitu kisicho na mlango. Nikaamua kufungua kifuniko cha tangi na kuinamisha kasha zima juu ya beseni, mimi nimeshika juu, mwenye mali ameshika miguu ya kasha. Tulipoliinamisha, maji ya rejeta ya mbele yalihama yote kwa mkupuo. Mpira ukavutwa na uzito wake, fitingi iliyokuwa inavuja ikachomoka, na maji yakapita juu ya bati la mgongo wa kadi ya grafiki, yakaingia chini yake.

Hata hapo ilikuwa bado haijafa. Kadi isiyo na umeme ikilowa inaokolewa. Unaifungua yote, unaondoa bloki na pedi, unaisafisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, unaiacha mahali pakavu siku kadhaa. Nilijua hivyo. Lakini kijana alikuwa amesimama ananitazama usoni, haisi imeshamwacha, na mimi nilitaka sana kumwonyesha kwamba nimeokoa. Nikaipuliza kwa drayi ya nywele kwa saa moja, nikaigusa, nikaona imekauka, nikairudisha na kuwasha. Ikatoa mlio mdogo, kama kijiti kinavunjwa, na harufu. Ni swichi niliyobonyeza mimi iliyoua ile kadi.

Jumamosi nikapanda haisi kwenda Isongole kumwambia mama yake, kwa sababu kijana hakuweza kumwambia. Nilimkuta shambani, mikono ina udongo mweusi mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza yote bila kuficha. Akauliza jambo moja tu: "Haitengenezeki?" Nikasema, "Hapana, mama." Akanyamaza, akanawa mikono, akanikaribisha viazi vya kuchemsha na chai. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile. Kadi nyingine nililipa mimi, miezi tisa, na kila mwezi nilipopeleka sehemu ya hela alinipokea vilevile, kwa chai.

Kwa hiyo ukija kwangu na orodha ya vifaa, nitatazama kwanza kama ina koki. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kadi.

2. Shaba na alumini havikai kwenye maji mamoja.

Bloki ni ya shaba, rejeta iwe ya shaba au shaba nyeupe (brasi). Shaba, shaba nyeupe na nikeli vinavumiliana. Ukiingiza alumini umetengeneza betri: metali mbili tofauti, maji katikati, na alumini ndiyo inayoliwa. Huoni kitu miezi ya mwanzo. Baadaye unafungua bloki unakuta uji mweupe umeziba vile vijia vyembamba vya ndani, na joto la prosesa lilishaanza kupanda bila wewe kujua sababu. Rejeta ya hita ya gari kutoka gereji nayo iangalie, nyingi ni alumini. Uzito unasaidia kutambua, ila njia ya uhakika ni kusoma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Kijana wa Jumatatu amekubali kuirudisha ya kwake.

3. Namba mbili za mpira ni kipenyo cha ndani na cha nje, na fitingi lazima ilingane na zote mbili.

Mpira wa 10/16 una kuta nene, haujikunji ovyo kwenye kona. Kwa mashine ya kwanza nunua huo na achana na mabomba magumu ya plastiki ya PETG. Utayakunja kwa moto ukishajua mzunguko wako unafanyaje kazi.

4. Unene.

Rejeta ya mm 30 pamoja na feni ya mm 25 ni mm 55. Pima juu ya madabodi yako kama mm 55 zipo bila kugonga memori. Pima kwa rula, ndani ya kasha lako mwenyewe, ukiwa umeshafunga madabodi. Picha za mtandaoni ni za kasha la mtu mwingine.

5. Ukubwa wa rejeta.

Kanuni ya mafundi ni nafasi ya feni moja ya 120 kwa kila kifaa unachopoza, kisha ongeza moja ya ziada. Prosesa na kadi ya grafiki, basi 360. Kadi zikiwa za wati 300 na zaidi mimi naongeza tena 240, feni zizunguke taratibu na chumba kiwe kimya.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya nje haikwambii. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva huku kuliko Dar es Salaam: maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Feni inayozunguka kasi ileile huku inasukuma hewa yenye uzito pungufu kwa kama asilimia 15, na ni hiyo hewa inayobeba joto la rejeta. Baridi yetu inafidia. Julai asubuhi chumbani kwangu kipimo kinasoma nyuzi 13, na mwenzangu wa Dar anaanza na 28. Kwa hiyo ukilinganisha mashine yako na ya mtu, usilinganishe joto la prosesa peke yake. Toa joto la chumba kwanza, ndipo ulinganishe kinachobaki.

Na kwa wale wanaoniuliza kuhusu barafu kwenye tangi: maji yanayopozwa na feni hayawezi kuwa baridi kuliko chumba, na hiyo ndiyo salama yenu. Ukiyashusha chini ya hapo kwa barafu, bloki itatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo litatua kwenye madabodi.

6. Mpangilio wa vifaa usikunyime usingizi.

Kila mwezi naona watu wanagombana kama maji yapite kwanza kwenye prosesa au kwenye kadi. Piga hesabu. Maji yakienda lita 4 kwa dakika na kadi ikatoa wati 300, maji yanatoka yana joto la nyuzi 1 tu zaidi ya yalivyoingia. Yanazunguka haraka mno kupata nafasi ya kutofautiana. Pitisha mpira njia fupi isiyo na kona kali, basi. Jambo moja tu halina mjadala: tangi likae juu ya pampu, maji yajishushie yenyewe. Pampu hulainishwa na maji hayohayo inayoyasukuma. Ukiiacha izunguke kavu hata kwa muda mfupi unaiua.

7. Maji.

Yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia ukungu, au kulanti ya kompyuta iliyotengenezwa tayari. Ya bomba yana chumvi, na ya kijito cha mlimani yana chumvi vilevile hata kama unayanywa na kuyasifia. Kwa wauza betri za magari maji yaliyokenekwa yanapatikana, ila soma chupa kwa macho yako, kwa sababu rafu hiyohiyo ina asidi ya betri, na chupa zinafanana. Rejeta mpya isuuze kwa maji yaliyokenekwa mara tatu au nne, tikisa, mwaga. Utashangaa takataka za kiwandani zinazotoka.

8. Tredi tepu iache kwa fundi bomba.

Fitingi zetu za G1/4 (ndiyo saizi ya tredi zake) zinazibwa na oringi. Tepu inaizuia oringi isikae. Kaza kwa vidole mpaka oringi ibanwe, usiweke spana kwenye tangi la akriliki, litapasuka.

9. Kupima uvujaji ni saa 24.

Chomoa kila waya wa umeme kwenye madabodi, kadi na diski. Pampu peke yake ndiyo ibaki na umeme. Kwenye plagi ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote ili pawa saplai iwake. Zikiwa zote nyeusi, hesabu pini ya 16, jirani zake 15 na 17 ni ardhi. Weka tishu nyeupe chini ya kila fitingi, moja moja. Washa pampu kidogo, zima, ongeza maji kabla tangi halijaisha, rudia. Inamisha kasha huku na huku taratibu ili mapovu yatoke kwenye rejeta. Kisha liache lizunguke ukiwa karibu, siku nzima. Tanesco wakikata, muda uliokatika usiuhesabu. Mteja akikuharakisha, mwambie haisi zipo na kesho.

Leo Alhamisi kijana wa Jumatatu amerudi. Hana boksi safari hii, ana karatasi ya grafu imekunjwa mara nne, ameichora usiku kucha kwa penseli. Koki ameiweka chini kabisa, ameizungushia duara jekundu, na pembeni ameandika "mkono unapita, nimepima". Njia ya mpira ni fupi, rejeta sasa ni ya shaba, unene umeandikwa kwa milimita. Nimefurahi mpaka nikamwita jirani aje aone.

Pampu ameichora juu ya tangi. Nimempa kifutio na kiti.