Ndoo ya maji baada ya shambulio la moyo

SWALI: Shikamoo daktari. Ni mwanaume wa miaka 56, nauza dagaa Mwaloni Kirumba na nyumbani ni mlimani Mabatini. Wiki saba zilizopita nilipata shambulio la moyo, sikupasuliwa kifua. Nimekatazwa "vitu vizito". Je, ndoo ya maji ni nzito? Mwanangu anasema ninyanyue vyuma vidogo nipate nguvu. Nifuate lipi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, na pole sana. Aliyekukataza yuko sahihi, na mwanao hajakosea, maana kunyanyua na kushikilia ni vitu viwili. Ukinyanyua kitu chepesi na kukishusha, msuli unakaza na kulegea, damu inapita. Ukishikilia ndoo huku unapanda yale mawe, msuli umekaza muda wote na kuibana mishipa iliyo ndani yake. Presha ya juu na ya chini zinapanda pamoja, na moyo wenye kovu changa unasukuma damu dhidi ya mzigo huo. Lita 20 ni kilo 20, bado uzito wa ndoo. Kwa sasa iache. Beba kidumu cha lita 3 kila mkono, na utue kila baada ya hatua chache.

Kubana pumzi ndiyo hatari zaidi. Ule mguno wa kuinua gunia hukaza kifua, damu inayorudi moyoni inapungua, kisha ukiachia pumzi, presha inaruka ghafla. Kujikamua chooni ni vilevile, kwa hiyo choo kigumu kitibiwe.

Vyuma vinasubiri ruhusa ya daktari, baada ya wiki kama nne za kutembea kwa utaratibu bila maumivu. Anza na kilo 1 kila mkono (chupa ya maji inatosha), mara 10 hadi 15, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha, wala usiung'ang'anie uzito mkononi. Ukitumia bisoprololi au atenololi usijipime kwa mapigo, dawa hizo huyazuia kupanda. Jipime kwa mdomo. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha.

Kifua kikibana, ukiishiwa pumzi au kichwa kikizunguka, tua mzigo na ukae chini. Kama ulipewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kiweke ukiwa umekaa, maana kinashusha presha. Dakika tano zikipita bila nafuu, upelekwe hospitali. Usishuke mlima kwa miguu.