Mzee anasahau? Anza na masikio na presha

Watu wakijua naishi na mama mwenye demensia, ule ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, swali huwa hilohilo, wanywe nini yasije yakawakuta na wao. Mafuta ya samaki? Vile vidonge vya "kuongeza akili"? Jamani tulia na hela yako kwanza. Ukiwa nayo nunua mashine ya presha.

Na usiniambie huu ni ugonjwa wa wazungu. Pale Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawapima wazee wa miaka 70 kwenda juu, ikaonekana kama asilimia 6.4 wanayo, na wengi wao kwenye familia wanaambiwa ni uzee tu, au mbaya zaidi bibi wa watu anaitwa mchawi.

Sasa kuna jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet, ripoti yao ya 2024 imetaja vitu 14 vinavyoongeza hatari, wakasema vyote vikishughulikiwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au ingechelewa. Humo kuna sukari, sigara, pombe nyingi, sonona, kuumia kichwa, upweke, hata moshi wa hewa chafu. Ila vilivyopewa uzito mkubwa kuliko vyote ni kolesteroli mbaya (mafuta kwenye damu) na masikio yasiyosikia vizuri, asilimia 7 kila kimoja. Ndiyo, masikio!

Hilo la masikio nimeliona sebuleni kwangu. Unamwambia mama chai tayari, anakujibu "hapana, hajarudi bado", watu wanaangaliana, haya ameanza. Tulipompeleka kliniki ya masikio nesi akatoa uchafu umeganda, mgumu kama kokwa ya ubuyu, halafu alipopimwa ikaonekana na usikivu wenyewe umeshuka akapewa kifaa cha kusaidia kusikia. Kusahau hakujaisha, demensia anayo kweli, lakini mengi tuliyokuwa tunaita kuchanganyikiwa ilikuwa hasikii tu, na sasa akija jirani wanabishana mpaka chai inapoa, zamani alikuwa anajikalia kimya pembeni.

Ila usije ukauziwa kifaa kama dawa. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa ACHIEVE, majibu yake yalitoka 2023, wazee 977 wakafuatiliwa miaka 3, na kwa ujumla wao vifaa havikuonyesha tofauti, ni lile kundi lililokuwa na hatari kubwa toka mwanzo ndo kudorora kwa akili yao kulipungua kwa asilimia 48. Mimi kwangu hiyo inatosha kumpima mzee masikio, haitoshi kumwahidi mtu miujiza.

Presha ndo ya kwako wewe msomaji mwenye miaka 40 na kitu, maana ubongo unaanza kuharibika miaka mingi kabla mtu hajasahau jina la mjukuu. Utafiti wa SPRINT MIND wa 2019 walilinganisha watu walioshushwa ile namba ya juu ya presha chini ya 120 na walioachwa chini ya 140, kundi la kwanza udhaifu wa kumbukumbu wa mwanzomwanzo ukapungua kwa asilimia 19, japo kwenye demensia yenyewe tofauti haikuwa ya uhakika. Hiyo 120 usiifukuzie mwenyewe kwa kuongeza vidonge, mzee anaweza kupata kizunguzungu akaanguka, ongea na daktari. Na usiache dawa eti kwa sababu presha imekaa sawa, imekaa sawa kwa sababu unameza!

Ukipima nyumbani kaa dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, usiongee (mama hapo ndo anakumbuka umbea wote), pima mara 2, andika kwenye daftari na tarehe. Siku ya kliniki nenda na hilo daftari pamoja na dawa zote anazotumia, hata zile za mitishamba anazoficha chini ya mto, maana kuna dawa nyingine zenyewe zinachanganya wazee na daktari hawezi kujua kama hajaziona.