Usicheke Wewe Kwanza: Kutazama Narnia ya BBC na Watoto

Wazazi wenzangu huniuliza kama kuna faida kuwawekea watoto wa leo zile tamthilia za zamani za kichawi, zilizotengenezwa kwa bajeti ya kubana. Ipo, tena kubwa, na mfano wangu ni Narnia ya BBC, The Lion, the Witch and the Wardrobe, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza Novemba 1988, sehemu sita za takriban nusu saa, moja kila Jumapili. Ndugu wanne wanapita kabatini na kuingia Narnia, nchi ya wanyama wanaosema iliyotawaliwa na mchawi. Nimeitazama na wanangu, na watoto wa dada yangu wakija likizo hukaa nao mkekani tukaitazama tena. Nilichokiona ni kwamba mtoto hatazami televisheni peke yake. Anatazama na uso wako.

Mtu mzima hahitaji dakika mbili kuona kasoro. Aslan, simba anayempinga mchawi, ni wa kutengenezwa, watu wamo ndani yake wakimwendesha, na mdomo wake unahangaika kuifuata sauti ya Ronald Pickup anayemsemea. Bwana na Bibi Beaver, wanyama wa mtoni wanaowasaidia watoto, ni waigizaji waliovishwa manyoya na meno. Viumbe wengine wamechorwa kama katuni na kuwekwa juu ya picha ya watu halisi. Hata C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi hizi, ambaye kitabu chake cha kwanza cha Narnia kilitoka 1950, aliandika katika barua ya 1959 kwamba anapinga kabisa hadithi hizi kupelekwa kwenye televisheni. Aliona kwamba wanyama wanaosema, wakishatolewa kwenye simulizi na kuonekana kwa macho, hugeuka kichekesho au jinamizi.

Hofu yake ilikuwa na msingi, ila kwa ninavyoona nyumbani, kicheko huanzia kwa wakubwa. Mjomba akimcheka Bibi Beaver, watoto wote watacheka, na kuanzia hapo hakuna anayefuatilia hadithi. Mjomba akinyamaza, mtoto wa miaka sita atashangaa kidogo, atauliza kama yule ni mtu, kisha manyoya yatamtoka akilini. Anachotaka kujua ni kama mbwa mwitu wa mchawi watafika kabla ndugu hao hawajatoroka. Bibi zetu walitusimulia habari za Sungura na Fisi bila kuvaa masikio, na tuliwaona. Kwa hiyo kabla hujabonyeza rimoti, ongea na wakubwa wenzako: asiyependa aende barazani.

Kuhusu mchawi, hapo chukua tahadhari. Watu wazima wengi humlaumu Barbara Kellerman, anayemwigiza, kwamba amezidisha, anapiga kelele mno. Watoto wadogo hawamwoni hivyo hata kidogo. Majoka hawajawahi kukutana nayo, lakini mtu mzima anayetulia, anabembeleza, halafu ghafla anafoka, huyo wanamjua. Nimeona mtoto aliyezoea filamu za madude makubwa ya kompyuta akijisogeza ubavuni kwangu kwa sababu ya sauti ya mwanamke mmoja tu. Ile sehemu ya Meza ya Jiwe, Aslan anapofungwa kamba na kunyolewa, itazameni mchana, nawe uwepo. Usimwambie "huyo ni mdoli tu". Amekwisha kumpenda, na neno hilo linamwacha na huzuni yake peke yake.

Usiulize "umejifunza nini?" baada ya kila sehemu. Uliza angefanya nini yeye angekuwa Edmund, mmoja wa wale wanne, aliyewasaliti ndugu zake kwa ajili ya peremende laini inayofanana sana na halua yetu. Watoto wa dada yangu walibishana juu ya hilo mpaka wakati wa kula, na yule aliyemtetea Edmund alikuwa mdogo kuliko wote.

Toa sehemu moja kwa siku, ikiwezekana moja kwa wiki kama ilivyokuwa zamani. Katika siku za kungoja ndipo shuka linakuwa joho na kabati la mama linapopata wageni. Ukiwapa zote sita mfululizo, mchezo huo haupati nafasi ya kuzaliwa.

Kijana wa miaka kumi na tatu ana haki ya kucheka, ila si mbele ya wadogo zake. Huyo mwanzishie Narnia nyingine ya BBC, ile ya 1990, The Silver Chair, ambamo Tom Baker anamwigiza Puddleglum, mkazi wa mabwawa anayetarajia mabaya kila asubuhi na bado hawaachi wenzake njiani. Anachekesha kwa makusudi, kwa hiyo kijana hana cha kukebehi. Filamu ya 2005 yenye simba wa kompyuta waonyeshe mwisho, baada ya hizi zote. Wakishazoea simba yule, hawatakuwa na subira na huyu wa watu wawili.