Bobi kagongwa na gari, sasa analia kutoka kwenye kizimba

Barua za mbwa waliogongwa barabarani zimekuja kadhaa kwa mpigo, nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu maswali yake ndo ambayo karibu kila mwenye mbwa aliyevunjika anajiuliza akishafika nyumbani.

SWALI: Shikamoo daktari. Mbwa wangu Bobi ni dume, ana miaka 4, wiki iliyopita aligongwa na gari nje ya geti akimkimbilia mwanangu. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akapigwa eksirei, wakasema nyonga imevunjika sehemu mbili ila haihitaji operesheni, tumfungie kwenye kizimba wiki 6, tukapewa dawa za maumivu tukarudi nyumbani. Siku za mwanzo alikuwa kalala tu, ila sasa kapata nguvu, analia usiku, anakwaruza mlango wa kizimba mpaka roho inaniuma. Watoto nikitoka tu wanamfungulia. Mama mkwe anasema kumfungia ndo kunamgandisha miguu, nimtoe atembee taratibu damu izunguke, nimkande na maji ya moto, na dawa zikiisha nimpe panadol. Afu leo siku ya tatu hajapata choo kikubwa. Naomba msaada, nimfanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole sana, wewe na huyo mtoto aliyeona tukio, nae mwangalie maana hata kama hasemi kitu linamkaa.

Nianze na kizimba. Daktari wako hajakupuuza kwa kuacha kumpasua. Nyonga imezungukwa na misuli minene kila upande na hiyo misuli ndo plasta yake, inashikilia vipande visiende mbali, kwa hiyo kama ufa haukupita kwenye kiungo cha paja wala pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo, mbwa wengi wanaunga wenyewe na wanarudi kutembea vizuri kabisa. Ila kuna sharti moja tu, atulie. Sasa hapo ndo shughuli ilipo kwa sababu maumivu na mfupa haviendi pamoja, maumivu yanapungua sana ndani ya wiki 2 hivi lakini mfupa wa mbwa mzima unahitaji wiki 6 mpaka 8, wengine hadi 12, watoto wa mbwa ndo wanawahi zaidi. Katikati hapo pale palipovunjika pameshikwa na nyama laini tu ambayo bado haijawa mfupa, mbwa haoni sababu ya kukaa ndani, nawe unamuona kama kashapona. Bobi analia kwa sababu anajisikia nafuu, na nafuu hiyo ndo inayoniogopesha mimi kuliko siku zile alizokuwa kalala. Akiruka mara moja tu kwenye kochi, au akateleza kwenye vigae akikimbilia mlango, vipande vinaachana na safari hii labda operesheni haikwepeki.

Kwa hiyo kizimba kibaki, ila kifanye kiwe sehemu ya kukalika. Kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala kajinyoosha, isizidi hapo. Kiweke sebuleni au popote mnapokaa, usimpeleke stoo, mbwa anayesikia watu wake halii kama yule aliyefichwa. Chini tandika godoro nene lisiloteleza, na uliangalie kila siku kama limelowa mkojo maana ngozi inayokaa kwenye mkojo inaungua haraka. Chakula chake usimmwagie chote kwenye bakuli, mgawie kidogo kidogo mchana kutwa ili apate kazi, na ukipunguze kidogo kuliko alivyokuwa anakula zamani kwa sababu hatembei, kilo zikiongezeka nyonga ndo inabeba. Vidonge vya kalsiam usimpe kama daktari hajasema, havimuharakishi kupona. Akilia usiku mtoe kwanza akojoe, mrudishe kimya bila kumchezea. Na ikizidi mpaka anajigonga kwenye vyuma mwambie daktari wenu, kuna dawa za kumtuliza mbwa ambazo wanaandika kwa kazi hiyohiyo, sio aibu kuziomba.

Watoto msiwagombeze, wapeni kazi. Mmoja awe anahesabu pumzi Bobi akiwa kalala usingizi, kifua kikipanda na kushuka ni 1, kwa dakika nzima, inatakiwa iwe chini ya 30. Mwingine aandike kwenye daftari: kakojoa saa ngapi, kala, kapata choo. Mtoto akijua kwamba daktari atalisoma lile daftari anakuwa mlinzi wa mlango kuliko wewe. Ila kufuli weka pia.

Mama mkwe msikilize nusu. Ni kweli viungo visipoguswa kabisa vinakakamaa na misuli inanyong'onyea, lakini dawa yake sio kumwachia atembee, dawa ni mikono yako. Muulize daktari kwenye kliniki ijayo kama umefika wakati, akikubali akuonyeshe mwenyewe: Bobi analala ubavu, unashika mguu wa juu kwa mikono miwili, unaukunja na kuunyoosha polepole mara 10 mpaka 15, mara 2 au 3 kwa siku, na akigeuza kichwa kukuangalia au akakaza mguu unaishia hapohapo, usilazimishe. Kukanda na maji ya moto siku 3 za mwanzo hapana, kunazidisha uvimbe, mda huo ni baridi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hivi. Kwa Bobi sasa hivi wiki imepita, kitambaa cha uvuguvugu kwenye misuli ya paja hakina neno daktari akiridhia, ila kijaribu kwanza kwenye mkono wako kwa ndani.

Kutoka nje atoke, mara 3 au 4 kwa siku, dakika 5, kwa ajili ya haja tu na akiwa na mkanda. Chukua taulo, likunje kwa urefu liwe kama mshipi mpana, lipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, shika ncha zote 2 juu ya mgongo. Usimwinue mpaka miguu ining'inie, unapunguza uzito tu huku miguu ikigusa ardhi, mgongo ubaki umelala sawa. Na kwa kuwa ni dume angalia taulo lisibane uume, wengi wanalalamika mbwa hakojoi kumbe ni taulo.

Panadol usimpe. Hili nalisema kwa nguvu zote kwa sababu nimeshaona mbwa walionusurika gari wakaja kufa kwa vidonge vya kabatini. Panadol ikizidi inaharibu ini na inaharibu damu isibebe hewa, diclofenac na ibuprofen ndo kabisa, zinatoboa tumbo na kuzima figo, na mbaya zaidi mbwa anakuwa yuko bado na ile dawa ya maumivu ya daktari mwilini, mbili za aina hiyo zikikutana ni hatari hata kwa kipimo kidogo. Dawa zikiisha na bado anaumwa, rudi kwa daktari akupe ya mbwa kwa uzito wake. Hata hizo za daktari, ukiona anatapika au choo kimekuwa cheusi kinanata, simamisha na umpigie siku hiyohiyo.

Sasa choo. Siku 2 bila choo baada ya ajali ni kawaida, hajala vizuri, na kuchuchumaa kunauma, afu kuna dawa za maumivu zinazofunga tumbo. Siku ya 3 mpigie daktari, hasa kwa mbwa wa nyonga, kwa sababu njia ya choo inapita katikati ya huo mfupa na ukikaa vibaya unaibana. Anaweza kukupa dawa ya kulainisha. Wewe mpe maji mengi na chakula kilicholowekwa kikawa laini, mifupa asiguse. Usimpige bomba la dawa ya binadamu kwenye njia ya choo. Akijikamua hatoi kitu, au akatapika, au tumbo likakaza, hapo sio simu tena, mbebeni.

Mkojo nao nauogopa kuliko choo. Siku nzima bila kukojoa ni dharura. Na wasomaji wengine ambao ajali ni ya jana au juzi mjue hili: kibofu kinaweza kupasuka na mbwa bado akawa anakojoa kidogo, kwa hiyo kuona mkojo kusiwapumbaze, mkiona kazubaa, anatapika, tumbo linajaa na linamuuma, rudini kwa daktari hata kama jana alimpima akasema yuko sawa.

Mwisho wa wiki ya 6 msimfungulie kwa sherehe. Apigwe eksirei tena kwanza, ikionyesha mfupa umeunga anaanza kutembezwa kwa mkanda dakika 10, wiki inayofuata mnaongeza kidogo, kukimbia ndo cha mwisho kabisa.

SWALI: Doc habari. Wangu kagongwa na pikipiki, eksirei inaonyesha hamna mfupa uliovunjika ila mguu wa mbele unaning'inia, anauburuza, vidole vimejikunja anakanyagia juu ya kiganja. Kuna mtu kaniambia ukatwe tu. Ni kweli?

JIBU: Inawezekana ikafika huko, lakini sio leo. Hiyo inatokea mguu unapovutwa kwa nguvu mpaka mishipa ya fahamu iliyoko kwapani inavutika au inang'oka. Ikiwa imevutika tu inaweza kurudi, ila polepole sana, mshipa wa fahamu unaota kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ni hesabu ya miezi. Ikiwa imeng'oka kwenye uti wa mgongo hairudi. Daktari anapima kwa kubana kidole kwa nguvu, na hapo angalia kitu kimoja: mbwa kurudisha mguu peke yake hakutoshi, tunataka ageuke, alie, au ajaribu kung'ata, hiyo ndo inaonyesha maumivu yamefika kichwani.

Wakati mnasubiri kazi yako ni kuulinda ule mguu usichubuke maana haumuumi na hajui kama anaumia. Mvalishe soksi nene au kiatu cha mbwa akitoka nje, akiwa ndani mvue, kila jioni angalia juu ya vidole. Akianza kuutafuna mvalishe kola ile ya plastiki shingoni. Miezi ikipita hamna fahamu na vidonda haviishi, basi kuukata ni kumsaidia, na niamini, mbwa wa miguu 3 anakimbia, anacheza, anakufuata kila mahali. Wanaopata shida kukubali ni sisi.

SWALI: Nilimkuta mbwa wetu kagongwa, nikamnyanyua akaning'ata mkononi. Hajawahi kung'ata mtu maisha yake yote. Amebadilika au?

JIBU: Hajabadilika, ni maumivu. Mbwa mpole kuliko wote akiguswa pale palipovunjika anang'ata kabla hajajua ni nani. Ila wewe kwanza: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, afu hospitali, hata kama ni tundu dogo na hata kama mbwa ana chanjo, kadi ya chanjo ya kichaa nenda nayo.

Kwa wengine ambao hawajakutana na hili, kwanza hakikisheni magari yamesimama, mtu aliyegongwa akiokoa mbwa hamsaidii. Mfunge mdomo kwa kitambaa kirefu, zungusha juu ya pua, pitisha chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Usifunge kama anahema kwa shida, anatapika au mdomo umeumia, huyo mfunike blanketi kichwani kilegevu. Msimshike miguu, mtelezesheni juu ya ubao au blanketi lililokazwa, watu 2, mgongo usipinde. Njiani angalia fizi, ukibonyeza kwa kidole weupe unatakiwa kurudi pinki ndani ya sekunde 2, zikiwa nyeupe muda wote ujue damu inavuja ndani. Na yule anayeinuka akakimbia kama hajaguswa nae apelekwe, mapafu yaliyopigwa yanaweza kuonyesha shida baada ya siku 1 au 2.

SWALI: Wetu kapona kabisa ila akisikia gari tu anatetemeka anajificha chini ya meza. Nimzoeshe kwa kumvuta barabarani?

JIBU: Usimvute, utamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Tafuta sehemu ya mbali ambayo gari linasikika lakini bado anakubali kula, gari likipita mpe kitu anachokipenda sana, likishapita acha kumpa. Dakika chache tu, mrudi nyumbani. Akianza kukuangalia wewe kila akisikia muungurumo, sogea hatua kadhaa karibu, na siku akikataa kula ujue umesogea mno, rudi nyuma pale alipokuwa anakula. Anaweza kuchukua miezi. Na mkanda usimvue nje ya geti, kwa sababu mbwa mwenye hofu akishtuka hakimbilii nyumbani, anakimbilia popote, hata barabarani kulekule.