Ukiomba ruzuku ya EPSCoR, anza na fundi wa maabara

Watafiti chipukizi wanaoanza kazi katika vyuo vidogo vya Marekani huniuliza waanzie wapi kutafuta fedha. Kama jimbo lako limo kwenye orodha ya EPSCoR, programu ya kusaidia utafiti kwenye majimbo yanayopata fedha kidogo, anzia huko, ila usiombe mashine kabla hujajua nani ataitunza.

Programu hii ya Mfuko wa Taifa wa Sayansi (NSF) ilianza mwaka 1979 na majimbo matano: Arkansas, Maine, Montana, South Carolina na West Virginia. Sababu ni kwamba fedha za utafiti zilikuwa zikirundikana kwenye majimbo machache yenye vyuo vikubwa. Kigezo kikuu ni kwamba jimbo liwe limepata asilimia 0.75 au pungufu ya fedha za NSF kwa miaka mitano. Upande wa afya, Taasisi za Taifa za Afya (NIH) zina programu ya aina hiyo, IDeA, tangu 1993.

Maabara moja niliyofanyia kazi ilinunua hadubini ya leza kwa ruzuku. Mwanzoni watu walipanga foleni hadi usiku. Kisha mkataba wa matengenezo ukaisha, na fundi pekee aliyejua kuilinganisha leza akahamia kwingine, maana ajira yake ilikuwa ya muda. Hadubini ikafunikwa nailoni, na wanafunzi wakarudi kusafirisha sampuli jimbo jirani. Iliniuma sana. Kwa hiyo, kabla hujatuma andiko, kaa na mkuu wa idara mkubaliane kwa maandishi nani atamlipa fundi fedha zikiisha.

Kinachonivutia zaidi ni vituo vya utafiti wa tiba viitwavyo COBRE, vilivyo chini ya IDeA. Humo mtafiti chipukizi hupewa mradi na mshauri, na anatarajiwa apate ruzuku yake mwenyewe, kisha ampishe mwingine. Usisubiri fedha zikaribie kukauka. Data za kwanza zikitoka, anza kuandika ombi lako. Na mshauri mchague yule anayesoma rasimu kwa kalamu mkononi, hata kama jina lake si kubwa.

EPSCoR pia hulipia watafiti wakae kwa muda kwenye maabara zenye vifaa bora. Nenda. Ila chagua mbinu utakayoweza kuiendeleza chuoni kwako, au kubaliana mapema na wenyeji wako jinsi utakavyoendelea kutumia vifaa vyao ukisharudi.