Zuhura, kabla hujanunua hizo hisa

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama hela uliyogawiwa kwenye kikoba uinunulie hisa za hizo kampuni za Marekani zinazotengeneza databesi, yaani programu za kuhifadhia taarifa, na programu za kuendeshea seva, zile kompyuta kubwa za kampuni, maana kila benki inazitumia. Sawa, zinatumika. Mie nakuuliza jengine: mteja akiudhika, anaenda wapi?

Nalisema hili tangu enzi za biashara ya barafu. Ile mashine ya kutengeneza barafu ya ba'mkubwa wako na mwenzie kule Deep Sea, kwenye soko la samaki, kila mvuvi alichukua kwao, alfajiri foleni ya madebe mpaka barabarani na mie ndo mwandika daftari. Basi kwenye giza la mwezi, dagaa wanatoka kwa wingi, yule mwenzie akapandisha bei maradufu, ati watakwenda wapi. Nikamwambia shemeji hawa watu wana pa kwenda, akanijibu mambo ya biashara niwaachie wanaume. Wavuvi wakachangishana wakaleta mashine yao, na hela ya minazi ya bibi yako ikapotelea mle. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Sasa watizame HashiCorp. Waliingia sokoni Desemba 2021 kwa dola 80 hisa moja, Terraform yao, chombo cha mafundi cha kupangia seva, inatumika dunia nzima. Agosti 2023 wakabadilisha leseni, yaani masharti ya kuitumia, ili washindani wasiitumie bure, watu wakachukua msimbo (code) wa zamani uliokuwa wazi kwa yeyote wakaanzisha yao, OpenTofu, ikaenda kukaa Linux Foundation, shirika linalolea programu za wazi. Aprili 2024 IBM wakakubaliana kuwanunua kwa dola 35 hisa. Sisemi ni leseni peke yake, bei ya hisa ilishaporomoka kabla, lakini barafu ni ile ile.

Ila MongoDB, wale wa databesi, nao walibadilisha leseni, 2018, na hawakufa, hisa ilotoka kwa dola 24 mwaka 2017 ikapanda mara nyingi. Hapo najibishana mwenyewe. Labda kuhamisha data yote ya duka ni kazi kubwa kuliko kubadilisha chombo cha fundi, mteja ananuna na bado analipa.

Kwa hiyo sikwambii nunua wala usinunue, ingawa mdomo unaniwasha. Nitafutie kitu kimoja kwenye hesabu zao: wateja wale wale wa mwaka jana, mwaka huu wamelipa zaidi au wamepunguza? Kampuni nyingi za aina hii hulitoa hilo hadharani. Niletee kabla hujatuma hata senti, na hela ya ada ya Idi usiiguse.

Mama