Ukikimbia Uhuru Park, Miti Isikudanganye

Kivuli cha Uhuru Park kilicho kando ya Uhuru Highway kinavutia, lakini hapo ndipo pabaya zaidi pa kunyoosha viungo. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki au kaskazini-mashariki, na barabara iko mashariki mwa bustani. Moshi wa matatu unakujia usoni. Panda upande wa Community, mtaa ulio juu, magharibi mwa bustani.

Ila kupanda kunapunguza moshi kuliko kelele. Ukiiona barabara, utaisikia. Tafuta tuta au ukuta unaoficha magari yenyewe. Miti yenye mashina marefu huyaficha machoni tu. Chini ya matawi pako wazi, na sauti hupita humo. Ua wa mimea unasaidia ukiwa mzito kuanzia ardhini hadi juu ya kichwa, bila pengo, na hata hivyo hupunguza zaidi moshi wa nyuma yake tu. Kelele hupungua kidogo mno.

Umbali una hesabu yake. Kelele ya barabara yenye magari mfululizo hushuka takriban desibeli 3 kila umbali unapoongezeka maradufu: mita 20 hadi 40, kisha 40 hadi 80. Hatua za kwanza ndizo zenye faida kubwa.

Pima kelele kwa programu ya simu ya kupima sauti. Nyoosha mkono, elekeza maikrofoni barabarani, usiizibe kwa kidole, subiri dakika 5, kisha soma wastani. Honi moja hupandisha kilele na kukupotosha. Simu ambayo haijalinganishwa na kipimo sahihi hukosea desibeli kadhaa, kwa hiyo itumie kulinganisha kona mbili, si kumshtaki mtu.

Saa nayo ina maana. Juni hadi Agosti hewa baridi hulala chini na moshi hukwama nayo mpaka jua lipashe ardhi joto. Anayekimbia saa 1 asubuhi siku ya kazi anakutana na hewa hiyo pamoja na foleni, huku akihema kwa mdomo. Saa 4 ni afadhali, Jumapili zaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii vizuri chembe ndogo za moshi.

Kipaza sauti cha mhubiri au muuzaji ni jambo jingine. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009. Ukilalamika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au kaunti, andika tarehe, saa kilipowashwa na kuzimwa, na kilielekezwa wapi. “Kelele zimezidi” peke yake haimpi afisa pa kuanzia.